Fundi wa Saa na Fundi wa Bunduki: Jinsi Fimbo na Rili Zilivyokutana

Mji wa Paris, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, uko mbali sana na bahari. Una vijito, na wavuvi wa huko tangu zamani wamewafuata besi weusi, samaki wakali wanaopigana hadi dakika ya mwisho. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji huo ulikuwa na fundi wa saa na vyombo vya fedha aitwaye George Snyder. Yapata mwaka 1820, Snyder alichukua ujuzi wake wa gia ndogo za saa akaunda kigurudumu cha kukunjia mshipi: mkono wa rili ukizungushwa mara moja, bobini inazunguka mara kadhaa. Hiyo ndiyo rili iliyokuja kuitwa rili ya Kentucky.

Snyder hakuwa wa kwanza kufunga kigurudumu kwenye fimbo ya kuvulia. Mchoro wa Ma Yuan, msanii wa China wa mwishoni mwa karne ya 12, unamwonyesha mvuvi peke yake ndani ya mashua, na fimbo yake ina kigurudumu. Nchini Uingereza, Thomas Barker alitaja kigurudumu kama hicho katika kitabu chake cha mwaka 1651. Lakini vigurudumu hivyo vya kale vilikuwa ghala la mshipi tu. Bobini ya Snyder ilizunguka kwa wepesi kiasi kwamba chambo kikirushwa, uzito wake uliuvuta mshipi na kuupeleka mbali. Baada yake wakaja Jonathan na Benjamin Meek wa Frankfort, mji mwingine wa Kentucky. Nao pia walikuwa mafundi wa saa.

Fimbo ilikuwa na wazazi wengine kabisa. Samuel Phillippe wa Easton, Pennsylvania, alikuwa fundi wa bunduki aliyetengeneza pia fidla. Katika miaka ya 1840 alipasua mianzi kuwa vipande vyembamba, akavibandika kwa gundi na kupata ufito uliopinda bila kuvunjika. Hiram Leonard wa Bangor, Maine, naye fundi wa bunduki, aliendeleza kazi hiyo kwa mashine ya kukata vipande sita vinavyolingana. Baadaye mafundi wakapendelea mwanzi wa Tonkin, unaoota Guangdong, kusini mwa China, kwa sababu nyuzi zake zimebanana sana upande wa nje.

Hapa ndipo historia ya zana hizi inapopendeza. Fimbo na rili hazikuzaliwa nyumba moja. Kwa kawaida aliyejua gia hakujua mianzi, na aliyejua mianzi hakugusa gia. Kazi ya kuzioanisha ikabaki mikononi mwa mvuvi, na alipokosea, rili nzuri iligeuka mzigo juu ya fimbo isiyoifaa. James Henshall, daktari aliyechapisha kitabu kuhusu besi weusi mwaka 1881, aliliona tatizo hilo waziwazi. Fimbo za wakati huo zilikuwa ndefu na nzito mno kwa rili ya Kentucky, hivyo akapendekeza fimbo ya mita 2.5 hivi, nyepesi, ya kurushia samaki wadogo kama chambo. Fimbo hiyo ilipewa jina lake. Ni mojawapo ya mifano ya awali ya fimbo iliyobuniwa kwa kuitazama rili kwanza.

Baharini mambo yalikuwa makali zaidi. Juni 1898, katika kisiwa cha Catalina karibu na pwani ya California, Charles Frederick Holder alimtoa majini jodari wa kilo 83 kwa fimbo na rili, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha wavuvi, Tuna Club, mjini Avalon. Rili za siku hizo hazikuwa na breki ya ndani. Mkono wa kuzungushia ulikuwa umeungana na bobini moja kwa moja, kwa hiyo jodari alipotimua mbio mkono ule ulizunguka kinyumenyume kwa kasi ya kuvunja vidole. Mvuvi alikandamiza mshipi kwa kipande cha ngozi chini ya dole gumba na kuomba usikatike.

Aliyebadilisha hali hiyo ni William Boschen, mwanachama wa Tuna Club. Wazo lake lilikuwa kuweka ndani ya rili sahani za msuguano, zikazwe au zilegezwe kwa kizungushio chenye umbo la nyota, ili samaki aweze kuvuta mshipi huku mkono umetulia. Julius vom Hofe wa Brooklyn alitengeneza rili za namna hiyo. Mwaka 1913 Boschen alitumia breki yake kumkamata nduaro mwenye upanga bapa, wa kilo 160 hivi, wa kwanza kunaswa kwa fimbo na rili. Breki ile iligeuza hesabu yote. Awali fimbo ilikuwa imara kuliko kidole gumba; sasa rili iliweza kukaza kuliko fimbo ilivyoweza kuhimili. Zikafuata fimbo nene zaidi, pete zenye vigurudumu vya kupitishia mshipi, mikanda ya mabegani na viti vilivyofungwa kwenye sitaha.

Mapema mwaka 1934 zana za aina hii zilikuwa Malindi. Ernest Hemingway, akitoka kuwinda Tanganyika, alishuka pwani kuvua kabla ya kuondoka Afrika Mashariki. Miaka mitano baadaye, huko New York, lilianzishwa shirika la IGFA la kusimamia kanuni na rekodi za uvuvi wa fimbo, na Hemingway akaja kuwa makamu wa rais wake. Watamu, Malindi na Shimoni zimebaki kwenye ramani ya wavuvi wanaowasaka nduaro na sulisuli, na mkondo wa Pemba unafahamika kwao dunia nzima. Wageni waliokuja na fimbo na rili walikuta watu waliokuwa wakivua nguru na kolekole kwa mshipi wa mkono tangu enzi za mababu. Mvuvi wa mshipi wa mkono ndiye fimbo, ndiye rili, ndiye breki: kiganja chake kinapima mvuto na kuachia kwa wakati. Ujuzi huo unastahili heshima kuliko unavyopewa.

Mageuzi mengine yalitoka viwanda vya nguo. Alfred Holden Illingworth, wa familia ya biashara ya sufu huko Bradford, Uingereza, alipata hataza ya rili mwaka 1905. Katika rili yake bobini haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi unateleza ukitokea ukingoni, kama uzi unavyotoka kwenye bobini ya kiwandani. Chambo chepesi mno, ambacho kisingeweza kuisukuma rili ya Kentucky, sasa kiliruka mbali. Ila mshipi ulitoka kwa mapindo makubwa, hivyo fimbo ilihitaji pete ya kwanza iliyo pana, na rili ikaning'inia chini ya fimbo badala ya kukaa juu. Kuichomeka kwenye fimbo ya zamani yenye pete ndogo kulipoteza faida yote.

Na mafundi wa saa? Walirudi. Kampuni ya Carpano & Pons ya Cluses, Ufaransa, eneo la viwanda vya saa, ndiyo iliyotengeneza rili za Mitchell zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. ABU ya Svängsta, Sweden, kiwanda chenye asili ya saa na mita za teksi, ilitoa Ambassadeur yake mwaka 1952. Huko Texas, R. D. Hull, naye fundi wa saa, alikuwa amechoshwa na mafundo ya mshipi. Wazo lilimjia dukani, alipomwona muuzaji akivuta kamba ya kufungia vifurushi kutoka kwenye bobini isiyozunguka. Mwaka 1947 alilipeleka Tulsa, Oklahoma, kwa kampuni ya Zero Hour Bomb Company, iliyounda mabomu ya saa kwa ajili ya visima vya mafuta. Rili yake yenye kifuniko iliingia sokoni mwaka 1949, na kampuni ikaja kuitwa Zebco. Modeli ya 33, ya mwaka 1954, bado inauzwa, mara nyingi ikiwa tayari imefungwa kwenye fimbo yake. Watoto wengi wa Marekani walijifunza kuvua kwa seti kama hiyo.

Fimbo nayo iliendelea kuchota kwa jirani. Arthur Howald wa Toledo, Ohio, aliyefanya kazi ya plastiki, alivunja fimbo yake ya mwanzi wakati wa vita akaitengeneza kwa nyuzi za kioo. Kampuni ya Shakespeare ikauza fimbo za aina hiyo kuanzia 1947. Nyuzi za kaboni zilizoendelezwa na watafiti wa ndege huko Farnborough, Uingereza, zikaingia kwenye fimbo za Fenwick mwaka 1973. Shimano ya Japani, kampuni ya gia za baiskeli iliyoanzishwa mwaka 1921, ikageukia rili mwaka 1970.

Kwa anayechagua seti leo, nambari zilizoandikwa kwenye fimbo ndizo za kusomwa kwanza. Ngazi za mshipi za IGFA, kama kilo 8, 15, 24, 37 na 60, zinaeleza fimbo, rili na mshipi unaopaswa kwenda pamoja. Anayemtafuta sulisuli katika mkondo wa Pemba anatosheka na seti ya kilo 15. Anayemwinda nduaro mkubwa hupanda hadi 37 au 60. Kisha breki hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, mashua ikiwa bado imetia nanga, nayo huwekwa karibu na theluthi moja ya nguvu ya mshipi.