Kudurusu

Wapo wasemao kwamba mchezaji wa sataranji akizipanga upya kete za mchezo uliokwisha chezwa, akazisogeza moja baada ya moja kama zilivyoandikwa daftarini, huwa "anarudia mchezo". Nami, kwa idhini yao, siafiki, kwani mtu huyo hashindani na yeyote, bali anadurusu. Neno hili ni la ukoo mmoja na darasa na madrasa, na hutumika kwa mwanafunzi ambaye, baada ya kusomeshwa, hulirejea somo peke yake hata likamkaa moyoni.

Chukua mchezo wa Paul Morphy, Mmarekani, alioucheza mwaka 1858 katika jumba la opera mjini Paris, dhidi ya waungwana wawili walioshauriana, akawashinda kwa hatua 17. Atazamaye kwa pupa hustaajabia hatua ya 16 tu, pale Morphy alipomtoa malkia wake aliwe na farasi, ili ngome ipate njia ya kummaliza mfalme. Lakini mwenye kudurusu, akizifunika kwa kiganja hatua zilizosalia na kujiuliza yeye angalicheza nini, hutambua kwamba msiba ule ulianza zamani, kwa maana hata mwisho wa vita ngome na askofu wa upande wa mfalme yule walikuwa wangali mahali pao pa awali, hawajasogea hata mara moja.