Kutoka Uyao hadi Kibo: msafara ambao haujavunjwa

Nalasi hakuna mlima wa kupandwa kwa siku sita. Ukishuka kusini kutoka Tunduru mjini unapita miombo na mashamba ya mikorosho, nchi ikiinama taratibu kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Hata hivyo Wayao, ambao ndio wengi wa wenyeji huko, jina lao limetoka kilimani. Padri Yohanna Abdallah wa Unangu, katika kitabu chake cha historia ya Wayao kilichochapwa Zomba mwaka 1919, ameeleza kwamba Yao ni kilima kisicho na miti, kilichovaa majani tu, ng'ambo ya Ruvuma, na hapo ndipo kabila lilipoanzia kabla ya kutawanyika. Naanzia Nalasi kwa sababu nyingine pia: mtu akitaka kuelewa jinsi Kilimanjaro unavyopandwa, ni vyema kwanza aelewe jinsi watu wa kusini walivyokuwa wakienda Kilwa.

Safari ya Kilwa haikuwa matembezi. Wayao walibeba pembe za ndovu, tumbaku na majembe yaliyofuliwa na Wachisi, wakarudi na nguo, chumvi, shanga na baruti. Walipeleka watumwa pia, na historia hiyo haifai kufichwa. Kabla ya kuondoka mkubwa wa mji alimwaga unga wa sadaka, mbepesi, chini ya mti. Kichuguu cha unga kikikutwa asubuhi kimesimama bila kumomonyoka, watu walijua njia ni njema. Msafara wenyewe ulikuwa na madaraka yake. Kirongozi alitangulia. Mnyapara alisimamia watu na ugomvi wao. Mpagazi alibeba mzigo uliokaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akapewa posho yake, na jioni akala na wenzake wa kambi moja. Mpangilio huo, karibu kama ulivyokuwa, ndio unaopanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, leo.

Aliyeujua kuliko wengi katika karne ya 19 alikuwa Myao. Chuma alikombolewa mwaka 1861, akiwa mtoto, kutoka katika msururu wa watumwa, akakua katika misafara ya David Livingstone. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Chuma, mtumishi mwenzake Susi na wenzao waliukausha mwili, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,600 na kuufikisha Bagamoyo mwanzoni mwa 1874. Mwaka 1879 Chuma akawa mnyapara wa msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza. Kiongozi wake Mzungu alikufa mapema Behobeho, na kijana Joseph Thomson, mwenye miaka 21 tu, akajikuta mkubwa wa watu zaidi ya mia. Thomson aliokolewa na Chuma, kwa kuwa Chuma ndiye aliyejua watu, njia na posho. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Mwaka uliofuata Thomson alifika Kilimanjaro, akajaribu kuupanda kwa haraka, akaishia kama mita 2,700. Siku moja haiwezi mlima ule.

Wachagga walikuwa wamekwisha kulijua hilo, na waliligharimia kwa maisha ya watu. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alisimuliwa kwamba Rengua, mangi (mtawala) wa Machame, aliwahi kutuma watu wengi kwenda kutazama kile kitu cheupe kileleni, kikidhaniwa kuwa ni fedha. Alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Kwangu mimi hiyo ndiyo safari ya kwanza ya kilele inayojulikana kwa jina la mtu aliyekwenda: ilipangwa na mtawala wa Kiafrika, ikaenda na Waafrika, miaka mingi kabla ya vitabu vya Ulaya. Vitabu vingi huipita kwa sentensi moja, kama hekaya. Lakini Sabaya hakuwa hekaya. Alirudi na viungo vilivyoharibika, na watu wakamwona.

Rebmann mwenyewe alitoka Rabai mwishoni mwa Aprili 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, pamoja na wapagazi wanane. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima, akamuuliza kiongozi wake ni nini. Alijibiwa kwa neno moja: baridi. Wasomi wa London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walikataa kwa miaka kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Bwana Kheri, Mpwani aliyeongoza njia, alikwisha kutoa jibu lililotosha.

Waliofuata walipanda kwa hatua. Karl Klaus von der Decken alirudi mara ya pili mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakapita mita 4,200 kabla ya hali ya hewa kuwashinda. Charles New aligusa theluji mwaka 1871. Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alishindwa mwaka 1887. Mwaka 1888 hata mlima hakuufikia: vita vya pwani dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimewaka, yeye na mwenzake Oscar Baumann wakakamatwa na watu wa Abushiri, kiongozi wa vita hivyo, wakaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 alirudi na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller, na safari hii alikuwa amejifunza jambo moja kubwa. Aliweka kambi juu, akapanga wapagazi wawe wakipandisha chakula kutoka Marangu, kwa Mangi Marealle, ili kushindwa siku moja kusimlazimishe kuanza upya toka chini. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakarudi kambini. Tarehe 6 Oktoba walisimama kileleni. Wakati huo wote Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa kwenye baridi ile akilinda kambi na kupika. Meyer alikipa kilele jina la Kaiser Wilhelm, akachukua jiwe la juu kabisa, akampelekea mfalme wake Ujerumani.

Watu wa Marangu wana simulizi yao, na jina lao la kwanza ni Yohani Kinyala Lauwo. Huko anaheshimiwa kuwa kijana aliyemwonyesha Meyer njia, na baadaye aliongoza wageni kwa miongo mingi. Alipewa heshima kubwa kwenye maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989, akafariki mwaka 1996 akiwa mzee wa miaka inayohesabiwa kuwa zaidi ya mia. Zipo hoja juu ya umri wake na juu ya safari ile ya 1889. Hazinisumbui sana. Bila Wachagga wa Marangu hakuna chakula ambacho kingefika kambini kwa Meyer, na bila chakula kile hakuna tarehe 6 Oktoba.

Kazi ya kubeba haikubaki mlimani tu. Vita vya kwanza vya dunia viliwatwaa wanaume wa kusini kwa maelfu. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji likiwa na wapagazi wake, na Waingereza nyuma yao wakiwa na wao. Wengi hawakurudi. Jina la soko la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wabeba mizigo hao.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya Kibo, na kilele cha Kaiser kikawa Uhuru. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 UNESCO ikauweka mlima katika Urithi wa Dunia.

Leo anayepita njia ya Marangu hulala kwenye vibanda vya Mandara, kisha Horombo, mara nyingi siku mbili ili mwili uzoee hewa nyepesi, kisha kambi ya Kibo kwenye mita 4,700 na ushei. Karibu na usiku wa manane anaamshwa, anapewa chai, anaanza kupanda changarawe gizani akifuata visigino vya kiongozi hadi Gilman's Point, na kutoka hapo ukingoni hadi Uhuru, mita 5,895. Juu huko hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya pwani. "Pole pole" anayoambiwa si adabu ya watalii. Kichwa kikiuma mno, mtu akaanza kuyumba au kuongea ovyo, kiongozi anayejua kazi humshusha papo hapo, hata kama kilele kimebaki saa moja.

Wanaobeba mizigo hujiita wagumu. Kanuni ya hifadhi inasema kilo 20 kwa mtu, na mizigo hupimwa getini. Kwenye njia nyingine, ambako hulalwa kwenye mahema, kwa mgeni mmoja huweza kwenda wagumu watatu au zaidi: hema, chakula, gesi, meza, viti. Mgumu hufika kambini kabla ya mgeni, akiwa amempita njiani na mzigo kichwani, na mgeni anapofika hukuta hema limesimama. Anayefika kileleni hupewa cheti chenye jina lake. Mgumu aliyebeba hema la mgeni huyo hadi kambi ya juu hapewi. Naliona hilo ni kosa, na linaweza kurekebishwa kwa karatasi moja zaidi.

Kusini nako kuna kazi. Nalasi bado wapo wazee waliosikia habari za Kilwa kwa babu zao: majina ya vituo, nyimbo za njiani, namna ya kufunga mzigo, unga wa mbepesi. Mwalimu wa shule, mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo, mjukuu mwenye simu ya kurekodi, na aende akawaulize mwaka huu. Naye anayejiandaa kupanda Kilimanjaro, jioni ya kwanza kambini awaombe wagumu wake wote majina kamili, ayaandike kwenye ukurasa uleule atakaoandika tarehe ya kufika Uhuru.