Bei ya Kijana wa Benchi

Julai 2016 Miami Heat walikubali kumlipa Tyler Johnson dola milioni 50 kwa miaka minne. Kijana huyo hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2014, alikuwa na misimu miwili tu ya NBA, na hakuna hata mmoja aliofikisha wastani wa pointi 10. Dau lenyewe liliwekwa mezani na Brooklyn Nets. Miami walikuwa na siku tatu za kulifikia au kumwacha aende. Wengi walisema matajiri wamepagawa. Lakini ukiifuata historia ya ligi hiyo, utaona kwamba mshahara wa mchezaji wa akiba anayechipukia huamuliwa zaidi na kanuni za kumbakiza kuliko na kipaji chake, na kwamba makufuli yaliyowekwa ili asiondoke ndiyo mara nyingi yaliyompandisha bei.

Zamani hakukuwa na bei ya kujadili. Mkataba ulipokwisha, klabu ilibaki na haki juu ya mchezaji, naye alisaini alichopewa au alikaa nyumbani. Mwaka 1970 Oscar Robertson, aliyekuwa akiongoza chama cha wachezaji, aliishtaki ligi, na mapatano ya 1976 yakavunja utaratibu huo. Hata hivyo klabu hazikuachia kirahisi: zilijipa haki ya kufikia dau la mpinzani, na ilibidi kusubiri mpaka 1988 ndipo Tom Chambers akaondoka Seattle kwenda Phoenix bila timu yake kuwa na uwezo wa kumzuia. Katikati ya safari hiyo, msimu wa 1984-85, ukaja ukomo wa mishahara, dola milioni 3.6 kwa timu nzima, pamoja na ruhusa ya kuuvuka ili kumbakiza mchezaji wako. Ruhusa hiyo imebeba jina la nyota, Larry Bird, ila faida yake ilishuka hadi kwenye benchi. Timu iliyokwisha kuuvuka ukomo ikimpoteza kijana wake wa saba au wa nane haipati nafasi ya kumnunulia mwenzake kwa fedha zilezile. Kwa hiyo hailipii pointi zake tu. Inalipia pia pengo atakaloacha.

Ruhusa hiyo kwa ukamilifu wake hukomaa baada ya misimu mitatu, na hapo ndipo Gilbert Arenas alipopenya. Alichaguliwa wa 31 mwaka 2001, na mwaka 2003, baada ya misimu miwili, alikuwa tayari ametambuliwa kuwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote. Golden State waliomlea hawakuruhusiwa kumlipa alichoahidiwa na Washington, akaenda zake. Mkataba wa 2005 kati ya ligi na wachezaji ukaziba mwanya: dau kwa kijana wa aina hiyo lianze na mshahara mdogo. Halikukatazwa kuruka mwaka wa tatu. Mwaka 2012 Houston walimwandikia Jeremy Lin dola milioni 25 kwa miaka mitatu, zaidi ya nusu yake zikiwa zimelundikwa mwaka wa mwisho, na New York wakashindwa kuumeza mfupa huo. Dau la Johnson lilifuata ramani ileile: chini ya milioni 6 kila mwaka kwa miaka miwili, kisha zaidi ya milioni 18 kila mwaka.

Atakayepinga atasema ni fedha za televisheni tu, kwa sababu kiangazi hicho ukomo uliruka kutoka milioni 70 hadi milioni 94. Fedha zilikuwepo, sikatai, lakini haziwezi kueleza kwa nini mshahara uliongezeka mara tatu kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Wala haziwaelezi waliochaguliwa juu, ambao tangu 1995 hulipwa kwa jedwali: Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, namba 2 mwaka 2009, aliingia Memphis kwa mshahara wa namba yake, na kabla ya msimu wa pili kwisha alikwisha kuuzwa Houston. Pingamizi zito zaidi ni kwamba haki ya kufikia dau inawaumiza vijana, maana wapinzani huogopa kufungia fedha zao kwa mtu watakayenyang'anywa. Ni kweli kwa asiyeletewa dau na yeyote. Hiyo bado ni kanuni, si kipaji, ikipanga bei.

Oklahoma City walilielewa hilo mwaka 2024. Walikuwa na haki ya kuwabakiza Isaiah Joe na Aaron Wiggins kwa takriban dola milioni 2 kila mmoja kwa msimu mmoja zaidi, kisha vijana hao wangekuwa huru kabisa. Wakaiacha haki hiyo, wakawasaini upya mapema, na kwa Wiggins wakiwa bado na uwezo wa kufikia dau la mtu mwingine: milioni 48 kwa miaka minne kwa Joe, 47 kwa mitano kwa Wiggins. Juni 2025 walikuwa mabingwa. Mshahara wa Johnson ulipangwa upande ili mwenye mali ashindwe kuufikia. Wa Wiggins umepangwa ushuke mwaka hadi mwaka, ili kodi ya ligi kwa timu zenye mishahara mikubwa itakapowabana wenye mali, yeye awe nafuu.