Lengelenge la kiatu

Lengelenge la kiatu ni uvimbe mdogo wenye majimaji unaotokea kwenye ngozi ya mguu baada ya kiatu kuisugua mara nyingi mahali pamoja. Hutokea hasa nyuma ya kisigino, juu ya kidole kidogo, ubavuni mwa dole gumba na kwenye unyayo karibu na vidole. Viatu rasmi, yaani viatu vya ngozi vinavyovaliwa shuleni, ofisini, arusini au kwenye usaili wa kazi, huleta malengelenge kuliko raba. Ngozi yake ni ngumu, soli haikunjiki kwa urahisi, na mara nyingi huvaliwa kwa mara ya kwanza siku ileile ambayo mvaaji anatakiwa kusimama kutwa.

Jinsi linavyotokea

Kiatu hushika ngozi wakati mfupa ulio chini yake unaendelea kusogea. Ngozi huvutwa huku na huku, na mvuto huo ukirudiwa mara mamia, seli za tabaka la nje la ngozi (epidemisi) huachana. Nafasi iliyobaki hujaa majimaji maangavu kutoka tishu za chini. Mishipa midogo ya damu ikipasuka pia, lengelenge huwa jekundu au jeusi. Ngozi yenye unyevunyevu hushikwa zaidi kuliko ngozi kavu, kwa hiyo jasho huharakisha mambo.

Watu wengi hudhani kwamba kiatu kinachobana ndicho pekee chenye lawama. Kiatu kinachopwaya ni kibaya vilevile: kisigino hupanda na kushuka kwa kila hatua. Mzazi anayemnunulia mtoto wa kidato cha kwanza kiatu kikubwa ili kimfikishe kidato cha pili hufanya hesabu nzuri ya fedha, lakini mtoto huilipa kwa visigino vyake.

Namba za viatu

Namba iliyoandikwa kwenye soli haitoshi kuaminiwa. Katika mfumo wa Ulaya bara, tofauti kati ya namba moja na inayofuata ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67. Katika mfumo wa Uingereza ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Namba 42 ya Ulaya humaanisha kalibu yenye urefu wa sentimita 28, na namba 8 ya Uingereza humaanisha kalibu ya inchi 11, ambazo ni karibu sentimita 28 pia. Kalibu ni umbo la mguu ambalo fundi au kiwanda hushonea kiatu juu yake. Ni refu kuliko mguu wenyewe, na kila kiwanda kina umbo lake. Ndiyo maana mtu mmoja huvaa 41 ya kampuni moja na 43 ya nyingine bila mguu wake kubadilika.

Namba hizo pia hazisemi lolote kuhusu upana. Mmarekani Charles Brannock, mwana wa muuza viatu wa Syracuse, New York, alibuni katika miaka ya 1920 kifaa kinachopima urefu wa mguu, upana wake, na umbali kutoka kisigino hadi kiungo cha dole gumba. Kipimo hiki cha mwisho ndicho muhimu kuliko watu wanavyodhani: kiatu hukunjika mahali pamoja tu, na mahali hapo pasipolingana na kiungo cha mguu, ngozi itasuguliwa hata kama urefu ni sawa.

Kuchagua na kuvaa

Pasipo kifaa hicho, karatasi na kalamu vinatosha. Simama juu ya karatasi, chora ukingo wa kila mguu, kisha pima. Fanya hivyo alasiri au jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Mara nyingi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Nunua kwa kufuata ule mkubwa, na uweke soli ya ndani ya ziada katika kiatu cha mguu mdogo.

Jaribu viatu vyote viwili ukiwa na soksi utakazovaa, kisha tembea dukani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kama sentimita moja. Kiatu cha kamba humfaa mtu mwenye mguu mpana kikiwa cha mtindo wa Derby, ambao mbawa zake hufunguka, kuliko Oxford, ambao mbawa zake zimeshonwa chini. Kiatu cha kuchomeka kisicho na kamba lazima kishike tangu siku ya kwanza, maana ngozi hutanuka lakini hairudi kuwa ndogo. Kiatu cha mchuchumio husukuma uzito mbele, na mguu huteleza hadi vidole vikabanwa. Kiatu cha mtumba chahitaji uangalifu zaidi: soli yake ya ndani imeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine.

Kiatu kipya kivaliwe nyumbani kwa muda mfupi kwa siku kadhaa kabla ya siku yenyewe. Fundi viatu anaweza kukitanua kwa kalibu.

Hatari na matibabu

Mwaka 1924 Calvin Coolidge mdogo, mwana wa rais wa Marekani, alicheza tenisi akiwa amevaa viatu bila soksi. Lengelenge lilitokea kidoleni, bakteria wakaingia katika damu, naye akafariki tarehe 7 Julai akiwa na miaka 16. Penisilini iligunduliwa miaka minne baadaye.

Leo hatari kubwa iko kwa wenye kisukari. Neva za miguu zikiharibika, hawasikii maumivu, na lengelenge linaweza kugeuka kidonda kinachoishia kwa kukatwa mguu. Wao wakague miguu kila siku, na wakiona lengelenge waende kituo cha afya.

Kwa wengine, lengelenge dogo lifunikwe kwa plasta bila kutobolewa. Ngozi mpya hujengeka chini yake kwa siku chache. Kubwa lenye maumivu hutobolewa ukingoni kwa sindano safi iliyotakaswa, baada ya kunawa kwa sabuni, na ngozi ya juu huachwa mahali pake. Dawa ya meno na majivu visipakwe. Usaha, wekundu unaosambaa au homa ni dalili za kumwona mganga siku hiyohiyo.