Baiskeli ya umeme katika faili la majeruhi

MAJERUHI wa baiskeli ya umeme anapofikishwa hospitalini nchini Marekani, daktari huandika maelezo ya jeraha, kisha mtaalamu wa kumbukumbu za tiba huyageuza kuwa alama za herufi na tarakimu kwa kufuata ainisho la ICD-10-CM, lililoanza kutumika huko Oktoba 1, 2015.

Ainisho hilo halikuwa na alama mahususi ya chombo hicho hadi Oktoba 1, 2022. Alama mpya, jambo linaloweza kumshangaza mwendeshaji, ziliwekwa katika fungu la pikipiki, V20 hadi V29, wala si la baiskeli za kukanyaga, V10 hadi V19. Mathalani, mwendeshaji aliyegongana na gari dogo barabarani hupewa V23.41XA, ambapo herufi A huonyesha kuwa jeraha lingali likitibiwa. Alama hiyo haitangulii kamwe. Kwanza huandikwa jeraha lenyewe, kama S52.5 kwa mfupa wa mkono uliovunjika karibu na kiganja.

Kikwazo kikubwa ni kalamu ya daktari. Akiandika "baiskeli" pekee, mtaalamu haruhusiwi kukisia, na ajali hiyo huangukia V13 pamoja na baiskeli za kawaida. Aidha, hakuna sharti la kitaifa la kuandika alama za chanzo cha ajali, ingawa baadhi ya majimbo na kampuni za bima huzidai. Pasipo alama hiyo, mfupa hutibiwa na kulipiwa, lakini chombo kilichouvunja hakionekani katika takwimu.