Saa Huanza Lini? Historia ya Kupima Ucheleweshaji katika Upelekaji wa Pakiti, 1969–2017

1.0 Utangulizi

Kazi ya swichi ya mtandao huelezeka kwa sentensi moja: hupokea fremu ya data katika mlango mmoja, husoma anwani ya mpokeaji, kisha huitoa katika mlango unaofaa. Muda unaopita kati ya kuingia na kutoka ndio uitwao ucheleweshaji. Kwa mtazamo wa haraka, kuupima muda huo ni suala la kuwa na saa sahihi tu. Hata hivyo, fremu si nukta. Ni mfuatano wa biti zinazoingia moja baada ya nyingine, na kwa sababu hiyo ina mwanzo na mwisho. Saa ikianza kuhesabu pale biti ya kwanza inapoingia, jibu huwa moja. Ikianza pale biti ya mwisho inapoingia, jibu huwa jingine kabisa.

Makala haya yanafuatilia namna suala hilo lilivyojitokeza na lilivyoshughulikiwa tangu mtandao wa ARPANET hadi nyaraka za upimaji za karne hii. Hoja kuu ni kwamba takwimu ya ucheleweshaji haijawahi kuwa sifa ya kifaa peke yake. Imekuwa pia zao la uamuzi kuhusu sehemu ipi ya safari ya fremu ihesabiwe na ipi iachwe.

2.0 ARPANET: kuhifadhi kabla ya kupeleka

Mwaka 1969 kampuni ya Bolt Beranek and Newman ilifunga katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kompyuta ya kwanza ya kupeleka pakiti za ARPANET, iliyojulikana kwa kifupi kama IMP. Ilijengwa juu ya kompyuta ya Honeywell DDP-516, na njia za simu zilizounganisha vituo zilibeba kilobiti 50 kwa sekunde. Kila IMP ilipokea pakiti nzima, ikaikagua kwa msimbo wa kutambua makosa, ndipo ikaipeleka kwa IMP iliyofuata. Nakala ya pakiti ilibaki katika kumbukumbu mpaka jirani athibitishe kuwa ameipokea salama.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama inayokokotoleka. Pakiti yenye biti 1,000 huchukua milisekunde 20 kuingia yote kupitia njia ya kilobiti 50 kwa sekunde, na gharama hiyo hulipwa upya katika kila kituo inachopitia. Ni muhimu kutambua kwamba kuhifadhi hakukuwa uzembe wa wahandisi. Njia za simu zilikuwa na makosa, na kuhifadhi ndiko kulikohakikisha kwamba pakiti mbovu haisafiri zaidi ya hatua moja. Ucheleweshaji ulikuwa bei ya uhakika, na bei hiyo ilijulikana wazi.

3.0 Kipimo kinapogeuka kuwa mwelekezaji

Katika miaka ya mwanzo, IMP zilichagua njia kwa kuangalia urefu wa foleni: mlango wenye pakiti chache zinazosubiri ulihesabiwa kuwa wa haraka. Mwaka 1980 McQuillan, Richer na Rosen walichapisha maelezo ya utaratibu mpya wa uelekezaji, ambapo urefu wa foleni uliachwa na ucheleweshaji wenyewe ukapimwa. Kila pakiti iliwekewa alama ya wakati wa kufika. Muda wake wa kusubiri, wa kutumwa na wa kusafiri katika njia ulijumlishwa. Kisha wastani ulichukuliwa kwa kila kipindi cha sekunde 10.

Kipimo hicho kilikuwa sahihi zaidi, lakini usahihi wake ulizaa tatizo jipya. Mtandao ulipolemewa, njia iliyopimwa kuwa na ucheleweshaji mkubwa ilikimbiwa na vituo vingi kwa wakati mmoja. Baada ya kipindi kimoja ikaonekana tupu, na vituo vyote vikairudia. Khanna na Zinky, katika makala yao ya mwaka 1989, walieleza marekebisho yaliyopunguza myumbo huo. Tukio hili lina uzito katika historia inayojadiliwa hapa, kwa kuwa linaonyesha kwamba kipimo cha ucheleweshaji, mara kinapotumika kufanya uamuzi, huwa sehemu ya mfumo unaopimwa.

4.0 Swichi ya Etheneti na mbinu ya kupitisha moja kwa moja

Wazo la kutosubiri pakiti nzima lilikwishaandikwa kabla ya swichi za Etheneti kuwapo. Mwaka 1979 Kermani na Kleinrock walipendekeza kwamba kituo kianze kuipeleka pakiti mara tu kinapojua inakokwenda, iwapo njia ya kutokea iko wazi. Katika soko la mitandao ya ofisi, wazo la namna hiyo lilifika mwaka 1990 kwa kifaa cha EtherSwitch cha kampuni ya Kalpana, ambayo ilinunuliwa na Cisco mwaka 1994. Tofauti na madaraja ya Etheneti yaliyohifadhi fremu nzima, kifaa hicho kilianza kuipeleka fremu kabla haijamaliza kuingia.

Faida yake inaeleweka kwa hesabu. Katika Etheneti ya megabiti 10 kwa sekunde, fremu ndefu ya baiti 1,518 huchukua mikrosekunde 1,214.4 kuingia yote, bila kuhesabu biti za utangulizi. Anwani ya mpokeaji hukaa katika baiti 6 za mwanzo, ambazo hukamilika kwa mikrosekunde 4.8. Swichi inayopitisha moja kwa moja huokoa karibu tofauti yote iliyopo kati ya namba hizo mbili. Inachopoteza ni ukaguzi: msimbo wa kutambua makosa uko mwishoni mwa fremu, na unapofika, sehemu kubwa ya fremu imekwishatoka. Kwa hiyo fremu mbovu huweza kupelekwa sawa na fremu nzima. Uhakika ambao ARPANET iliulipia kwa muda uliachwa hapa ili muda uokolewe.

5.0 Waraka wa 1991 na mizani miwili

Mbinu mbili zilipokutana sokoni, haja ya istilahi za pamoja ilikuwa kubwa. Mnamo Julai 1991 ulitolewa waraka RFC 1242, ulioandaliwa na Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kuhusu ucheleweshaji, waraka huo ulitoa fasili mbili. Kwa vifaa vinavyohifadhi kwanza, saa huanza biti ya mwisho ya fremu inapofika mlango wa kuingilia, na husimama biti ya kwanza inapoonekana katika mlango wa kutokea. Kwa vifaa vinavyopitisha moja kwa moja, saa huanza mwishoni mwa biti ya kwanza inayoingia, na husimama mwanzoni mwa biti ya kwanza inayotoka.

Kulikuwa na sababu ya kimantiki ya kufanya hivyo. Kifaa kinachopitisha moja kwa moja kikipimwa kwa fasili ya kwanza, fremu ndefu itaonekana imetoka kabla haijaingia, na jibu litakuwa namba hasi. Hata hivyo, matokeo ya mizani miwili yanahitaji uangalifu. Mfano wa kufikirika unatosha: swichi mbili za megabiti 10 kwa sekunde, kila moja ikitumia mikrosekunde 30 kuamua baada ya kupata data inayoihitaji. Kwa fremu ya baiti 1,518, swichi inayohifadhi itaripoti mikrosekunde 30, na inayopitisha moja kwa moja itaripoti takriban 35. Msomaji asiyejua fasili atahitimisha kwamba ya kwanza ndiyo ya haraka. Kwa mtumiaji aliye upande wa pili wa waya, biti ya kwanza itatoka katika swichi ya kwanza takriban mikrosekunde 1,244 baada ya kuingia. Muda wa kuhifadhi haukuondoka. Umewekwa nje ya hesabu.

Waraka RFC 2544, wa Bradner na McQuaid, uliotolewa Machi 1999, ulilitambua jambo hili kwa kuagiza kwamba ripoti itaje fasili iliyotumika. Agizo hilo lilimlinda msomaji wa ripoti kamili, lakini halikuweza kumlinda anayekutana na namba moja iliyonukuliwa peke yake.

6.0 Kasi ya njia inapobadilisha hoja

Kadiri kasi ya njia ilivyoongezeka, uzito wa suala ulipungua. Kuipokea fremu ya baiti 1,518 huchukua mikrosekunde 121 katika megabiti 100 kwa sekunde, na 12 tu katika gigabiti 1. Kuhifadhi kwanza kulikubalika kwa wengi, kwa kuwa kulirudisha ukaguzi kwa gharama ndogo.

Mbinu ya kupitisha moja kwa moja ilirudi kwa nguvu katika swichi za gigabiti 10 za vituo vya data, zikiwamo Cisco Nexus 5000 na zile za Arista za mwaka 2008, huku wafanyabiashara wa hisa wa kasi kubwa wakiwa miongoni mwa waliozihitaji. Kwa kasi hiyo fremu ndefu huingia kwa mikrosekunde 1.2, lakini muda wa uamuzi nao ulishuka kufikia viwango vya nanosekunde, hivyo uwiano wa zamani ukarejea. Aidha, mbinu yenyewe ina masharti: mlango wa kutokea ukiwa na foleni, au ukiwa na kasi kubwa kuliko wa kuingilia, swichi hulazimika kuhifadhi. Jina la mbinu si dhamana ya muda.

7.0 Wastani na fremu zilizochelewa zaidi

RFC 2544 iliagiza fremu moja yenye alama itumwe baada ya sekunde 60 za mtiririko, jaribio lirudiwe angalau mara 20, na wastani uripotiwe. Vipimo 20 haviwezi kufichua ucheleweshaji unaotokea mara moja katika maelfu. RFC 8219 ya mwaka 2017, iliyohusu teknolojia za kuhama kutoka IPv4 kwenda IPv6, ilitaka fremu zisizopungua 500 katika kila jaribio, na ikaagiza kuripotiwa kwa thamani ya kati pamoja na ile ambayo asilimia 99.9 ya vipimo haviizidi. Swali liliongezeka: mbali na mahali saa inapoanza, ni fremu ipi inayostahili kuwakilisha nyingine.

8.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba usahihi wa saa ulikuwa sehemu ndogo ya tatizo. Katika kila kipindi, uamuzi mzito ulifanywa kabla ya kupima: biti ipi ianzishe hesabu, muda upi uitwe wa kifaa na upi uitwe wa njia, wastani au thamani ya mwisho wa mtawanyiko. Kwa mtafiti anayetumia takwimu za zamani kulinganisha vizazi vya swichi, namba isiyoambatana na fasili, urefu wa fremu na kasi ya njia haina budi kuachwa nje ya ulinganisho, hata iwe imeandikwa kwa desimali ngapi.