Ushirika wa wanawake wafugaji wa mbuzi

Ushirika wa wanawake wafugaji wa mbuzi ni umoja wa hiari wa wanawake wa vijijini wanaofuga mbuzi, kila mmoja nyumbani kwake au katika banda la pamoja, huku wakisaidiana katika mbegu bora, tiba, akiba na soko. Afrika ya Mashariki umoja huu kwa kawaida huanza kama kikundi kidogo kilichosajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Vikundi vingine hukua hadi kuwa vyama kamili vya ushirika. Lengo lake ni mwanamke awe na mali anayoweza kuiuza, kuiongeza au kuirithisha kwa uamuzi wake mwenyewe. Kwa hiyo mafanikio ya ushirika hupimwa kwanza kwa kuuliza nani mwenye kauli juu ya mbuzi, kisha ndipo wahesabiwe waliomo bandani.

Sababu za kuchagua mbuzi

Katika jamii nyingi za eneo hili ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya mume au ya ukoo, kwa kuwa ndiye mahari na ndiye heshima. Mbuzi na kuku wamekaa karibu zaidi na mamlaka ya mama wa nyumba. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano hivi, huzaa pacha mara kwa mara, na hula majani ya miti na vichaka ambayo ng'ombe huyaacha. Ada ya shule ikidaiwa au mgonjwa akilazwa, mmoja hupelekwa mnadani na kundi likabaki.

Mbuzi wa kienyeji huvumilia ukame, lakini maziwa yake hayazidi sana mahitaji ya mtoto wake. Ndiyo maana vikundi vya maziwa humpandisha kwa mabeberu wa Toggenburg, Saanen au Alpine. Kwa nyama hutumika Boer wa Afrika Kusini, na katika maeneo makavu Galla wa kaskazini mwa Kenya.

Kopa mbuzi, lipa mbuzi

Utaratibu unaotumika sana ni mkopo wa mnyama hai. Ulienezwa duniani na shirika la Heifer, lililoanzishwa Marekani mwaka 1944 kwa juhudi za mkulima Dan West. Mwanachama hupewa jike mmoja au zaidi. Mzao wa kwanza wa kike akishaacha kunyonya na kukomaa, hukabidhiwa mwanachama anayefuata kwenye orodha, na hapo deni limekwisha. Mkopo huu hauna riba ya fedha, wala kupanda kwa bei hakuongezi deni.

Makabidhiano hufanyika hadharani, mbele ya wanakikundi, waume na viongozi wa kijiji, na jina la mpokeaji huandikwa kwenye daftari. Ushahidi huo ndio kinga ya mwanamke siku ndugu wa mume watakapodai kwamba mbuzi ni wa boma lao.

Meru na Mgeta

Nchini Kenya, shirika la FARM-Africa liliendesha mradi wa mbuzi wa maziwa Meru na Tharaka-Nithi kuanzia 1996 hadi 2004, likilenga kaya maskini, zikiwemo zinazoongozwa na wanawake. Toggenburg waliletwa kutoka Uingereza. Vikundi, vya wanawake na vya mchanganyiko, vilitunza beberu wa kupandisha majike ya wanachama na ya majirani. Mabeberu walihamishwa kutoka kikundi hadi kikundi ili wasipande watoto wao. Kutokana na mradi huo kilizaliwa Chama cha Wafugaji wa Mbuzi wa Meru, kilichoendeleza kazi ya mbegu.

Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kikishirikiana na Norway kilipeleka mbuzi wa maziwa wa Kinorwe Mgeta, katika miteremko ya Uluguru, mwaka 1988. Mbuzi hufungiwa bandani na kukatiwa majani, na samadi hurudi kwenye matuta ya mboga. Waluguru hufuata ukoo wa mama katika urithi wa ardhi, jambo linalompa mwanamke msingi ambao wengi wa wenzake kwingineko hawana.

Uendeshaji

Kikundi huongozwa na katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wanachama hununua hisa na kukopeshana kutoka kwenye sanduku la akiba yao, kwa mfumo uliopata sura yake ya sasa Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Faini hutozwa anayechelewa au anayeuza mbuzi wa mkopo kabla ya kulipa. Dawa za minyoo, chanjo na jiwe la chumvi hununuliwa kwa pamoja ili bei ipungue. Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Kenya ilianzisha mfuko wa kuwakopesha wanawake wajasiriamali mwaka 2007.

Vikwazo

Magonjwa ndiyo tishio kubwa. Homa ya mapafu ya mbuzi inaweza kumaliza banda zima kwa muda mfupi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, na mpango wa kimataifa unakusudia kuitokomeza ifikapo 2030. Mbegu ya kigeni huhitaji maji, malisho na mtaalamu wa mifugo, na mradi unaogawa mbuzi bila hivyo humwachia mama hasara.

Kikwazo cha pili ni kazi. Mama anayekata majani, kuchota maji na kukamua alfajiri, kisha fedha ya maziwa ikapokewa na mwingine, ameongezewa mzigo tu. Kipimo cha uwezeshaji wa wanawake katika kilimo, kilichozinduliwa 2012 na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, IFPRI, pamoja na washirika wake, huangalia mambo haya hasa: nani anaamua, nani anashika mapato, na mwanamke anafanya kazi saa ngapi. Ushirika unaostahili kuitwa mkombozi ni ule unaoandika katika katiba yake kwamba malipo hupokewa na mwanachama mwenyewe, mkononi au kwenye simu yake, na kwamba akifa mbuzi wake huenda kwa warithi aliowataja.